La Paz kwa wenye pumzi za pwani: jinsi ya kuzunguka mji bila mlima kukukamata

Kama umewahi kulala Horombo kule Kilimanjaro basi kwa mwinuko La Paz ya Bolivia ushaijua. Horombo ni mita 3,720, katikati ya La Paz ni kama 3,640, karibu kitu kimoja. Tofauti ni kwamba Horombo unafika siku ya pili kwa miguu yako huku wagumu wanakupita na mizigo kichwani wanakwambia pole pole, ila La Paz unashushwa na ndege pale El Alto, mita 4,061, mlango unafunguliwa na unatakiwa ubebe begi lako utembee kama hakuna kilichotokea. Mimi ni mtu wa Tanga, nimezaliwa usawa wa bahari, na nilijua nimefika nilipofungua begi nikakuta pakiti ya krispi imevimba kama puto na chupa ya losheni imejitapikia kwenye soksi zote.

Kwahiyo mwongozo huu sijaupanga kwa uzuri wa vivutio, nimeupanga kwa pumzi. Vinavyohitaji pumzi kidogo vinatangulia, vya kukutoa jasho vinakuja mwisho. Ukivuruga huo mpangilio shauri yako.

Hatua ya 1: kabla hujakata tiketi

Hili nalisema mapema kwasababu wageni wengi wanaoandika kuhusu Bolivia haliwahusu. Kama una selimundu, usipande huko bila kukaa na daktari wako mkaongea vizuri, hewa nyembamba inaweza kukuletea shambulio. Na hata kama wewe ni mbebaji tu, yaani una kinasaba kimoja na hujawahi kuumwa maisha yako yote, bado kuna hatari ya bandama kuumia ukiwa juu sana, kwahiyo kapime ujijue. Sisi ukanda wetu wabebaji ni wengi mno kulifanya hili jambo la utani. Wenye moyo, presha na wajawazito nao waanzie kwa daktari.

Dawa ya Diamox, ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, wengine wanameza kuanzia siku moja kabla, hiyo nayo muulize daktari, ujue tu inakukojoza usiku kucha na vidole vinakuwa na ganzi. Cheti cha homa ya manjano weka pamoja na pasipoti, usikitupe chini ya begi. Dola beba za karatasi, safi, zisizo na mkunjo wala alama ya kalamu, kwasababu noti yenye mpasuko mdogo tu pale kwa wabadilisha hela inarudishwa kwa kidole kimoja kama imetoka jalalani.

Nguo: jua linachoma mchana na usiku unatetemeka. Juni mpaka Agosti ni baridi kavu na anga safi, Desemba mpaka Machi ni mvua. Losheni ya jua beba hata kama ni mweusi kama mimi, niliidharau nikarudi midomo imepasuka na pua inabanduka.

Hatua ya 2: siku ya kwanza usifanye kitu

Kweli kabisa, usifanye kitu. Kutoka uwanja wa ndege teksi inateremka ukingo wa bonde na ghafla mji wote uko chini yako, nyumba za matofali mekundu zimepandana ukutani mwa bonde pande zote kama mtu kazimwaga kutoka juu zikagoma kufika chini, na kwa mbali mlima Illimani una theluji, mita 6,438, zaidi ya Kibo kwa mita 500 na ushee. Tazama, piga picha, halafu nenda kalale.

Kama una hela ya kuchagua hoteli, tafuta ya maeneo ya chini, Sopocachi au kule Zona Sur ambako kumeshuka mpaka mita 3,200 hivi. La Paz ni kinyume cha miji mingi, huku wenye hela wanaishi bondeni kwenye joto na hewa, na wanyonge wanazidi kupanda juu kwenye baridi mpaka El Alto. Mimi nilichukua chumba cha bei poa ghorofa ya nne bila lifti. Nilikuwa napumzika kila ngazi ya kumi na mbili, nilizihesabu. Hita nayo ilikuwa pambo la ukutani tu.

Siku hiyo kula kidogo, supu inatosha, maji mengi, pombe hapana. Kichwa kitagonga, usingizi utakatika katika, hiyo ni kawaida na siku ya pili au ya tatu inapungua. Isiyo ya kawaida ni hii: unahema hata umekaa, unakohoa mfululizo, unayumba kama mlevi au unaongea vitu havieleweki. Hapo hakuna kusubiri kesho, mtu anapelekwa hospitali na anashushwa chini ya mwinuko huo, hakuna cha kujikaza kiume.

Chai ya majani ya koka utaletewa kila mahali, mate de coca wanaiita, ladha yake kama majani makavu yaliyochemshwa na ndiyo yenyewe. Bolivia ni halali kabisa, bibi kizee anatafuna basi zima halina habari naye. Ila usithubutu kuyabeba hata pakiti moja ya zawadi, nchi nyingi yanahesabiwa dawa za kulevya, na kama kazini kwako mnapimwa mkojo hata hiyo chai iache maana kipimo kinaweza kuiona.

Hatua ya 3: siku ya pili, zunguka mji ukiwa umekaa

Hapa ndipo napopapenda kuliko kote. La Paz ina usafiri wa magari ya nyaya, Mi Teleférico, na sio mchezo wa watalii, ni daladala zao za angani. Laini ya kwanza, nyekundu, ilifunguliwa Mei 2014 na sasa ziko laini 10, kila moja na rangi yake. Unaingia kwenye kibehewa cha kioo cha watu kama kumi, mama na kiroba cha viazi, mwanafunzi na yunifomu, mzee na gazeti, kinafunga mlango na kinakunyanyua juu ya mapaa. Nililipa boliviano 3 laini ya kwanza na 2 kila nilipobadilisha. Watu wanaingia wanasema buenos días kwa wote na wewe itikia, ukikaa kimya unaonekana huna adabu.

Mzunguko wangu huu, fuata hivi hivi:

Anzia kituo cha Central, ilipokuwa stesheni ya zamani ya treni, panda nyekundu. Inapita juu ya makaburi makuu ya mji, na hapo usitazame simu, tazama chini. Makaburi yao ni maghorofa, watu wanazikwa kwenye visanduku ukutani, kila kimoja na kidirisha cha kioo chenye maua na picha na vikopo vidogo vya soda alivyopenda marehemu, na kuta za pembeni zimechorwa michoro mikubwa ya mafuvu. Tarehe 8 Novemba hapo ni sikukuu ya Ñatitas, watu wanakuja na mafuvu halisi ya binadamu wanayoyatunza nyumbani, wameyavisha kofia na maua na miwani, wanayawashia sigara. Mtu wa Tanga nilipoelezwa nilisema astaghfirullah kwa sauti.

Shuka 16 de Julio, hapo uko El Alto. Kama ni Alhamisi au Jumapili kuna gulio ambalo Kariakoo ni mtoto, kilomita kwa kilomita za mitumba, injini za magari, nyaya, kuku, milango, kila kitu. Simu weka mfuko wa mbele. Inua macho pia uone majumba ya rangi kali kama kanga mpya, kijani na machungwa na vioo, ambayo fundi Freddy Mamani alianza kuyajenga kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kiaymara, wenyeji wa huko. Chini maduka, katikati ukumbi wa sherehe, na juu kabisa kwenye paa mwenye nyumba kajijengea nyumba yake kama kaidondosha kutoka angani.

Kutoka hapo chukua laini ya fedha, Plateada, inakwenda usawa mmoja kwenye ukingo wa bonde mpaka kituo cha Mirador, halafu njano inakuteremsha polepole mpaka Libertador, halafu kijani mpaka Irpavi kule kwa matajiri. Kwenye kijani unachungulia mabwawa ya kuogelea ya watu. Masaa mawili, haujapanda ngazi ya maana, na mji mzima umeuona. Panda saa kumi jioni hivi, ukirudi taa zimewaka bonde zima.

Hatua ya 4: siku ya tatu, mjini kwa miguu lakini kwa kuteremka

Kanuni ni moja, anzia juu malizia chini. Anza Calle Jaén, kamtaa kafupi ka mawe na nyumba za rangi za enzi za Wahispania, pana makumbusho manne madogo unayoingia kwa tiketi moja, ikiwemo nyumba ya Pedro Domingo Murillo aliyeongoza uasi wa Julai 1809 na kunyongwa Januari 1810, na ya dhahabu na fedha za kale. La vyombo vya muziki ni tofauti na ndilo nililokaa muda mrefu, aliyelianzisha ni mpiga charango, gitaa dogo la kwao, Ernesto Cavour, na vyombo vingine unaruhusiwa kuvigusa upige. Kuna msalaba wa kijani ukutani mtaani hapo, uliwekwa kufukuza mizimu iliyokuwa inasumbua wapita njia usiku. Jumatatu usiende, makumbusho mengi yanafungwa.

Teremka Plaza Murillo, uwanja wa ikulu na bunge, njiwa wamejaa. Tazama saa ya jengo la bunge. Namba zimegeuzwa na mishale inarudi kinyume, tangu 2014, walisema sisi ni watu wa kusini mwa dunia kwa nini saa yetu ifuate kivuli cha jua la kaskazini. Kivuli kusini kweli kinazunguka upande huo, sio uwongo. Halafu tafuta nguzo ya taa mbele ya ikulu, hapo ndipo umati ulimning'iniza rais Gualberto Villarroel mwaka 1946. Watoto wanakula aiskrimu chini yake. Na usishangae sana ukiambiwa makao makuu kikatiba ni Sucre, La Paz ni kiti cha serikali tu, hata sisi wa Dodoma na Dar tunaelewa hayo mambo.

Ukivuka barabara kubwa utakutana na punda milia. Watu, vijana wamevaa mavazi ya punda milia mwili mzima na mkia, wanacheza kwenye vivuko wakiwazuia madereva wapitishe watembea kwa miguu, mpango ulianza 2001 na watoto wanawapenda kufa. Mmoja aliniuliza natokea wapi nikamwambia Tanzania, kule wa kweli wapo, akanikumbatia na kichwa chake cha sponji.

Mpaka hapo uko kanisa la San Francisco. Simama mbele ya lango la mawe usome kama kitabu, mafundi wenyeji wa karne ya 18 walichonga matunda na ndege na nyuso zao za kwao katikati ya mapambo ya Kikatoliki, wakubwa wakapitisha.

Pembeni ya kanisa mtaa wa Sagárnaga unapanda, hapo ndio pa kuhema. Kata uingie mtaa wa Linares, ndio soko la wachawi maarufu, ingawa kusema kweli wale mama ni waganga na wauza dawa za asili zaidi kuliko wachawi. Kitu kinachoshtua ni vijusi vya llama vilivyokaushwa, vinaning'inia mlangoni kwa mafungu, vidogo kama kiganja mpaka vikubwa kama mbuzi mchanga, vina manyoya na macho yamezama. Vinaitwa sullu. Mtu akianza kujenga nyumba anakizika chini ya msingi pamoja na peremende na pombe, ni sadaka kwa Pachamama, mama ardhi, asiwaangushe mafundi. Mama mmoja alinionyesha sadaka kamili kwenye karatasi nyeupe: vitambaa vya sufu za rangi, tembe za sukari zenye umbo la nyumba, gari na hela, mbegu, na kijusi juu. Vyote vinachomwa. Nilimuuliza kama mafundi wa maghorofa ya kisasa nao wanafanya akanitazama kama nimeuliza kama wanatumia saruji. Picha omba kwanza, na ukinunua kitu kidogo ruhusa inapatikana haraka zaidi.

Hatua ya 5: jifunze maneno mawili ya sokoni

La kwanza ni caserita. Muuzaji unamwita hivyo na yeye anakuita hivyo hivyo, ni kama kuitana kasitoma lakini kwa mapenzi. La pili ni yapa, yaani nyongeza. Umenunua parachichi tano, unatabasamu unasema yapita, caserita, anakuongezea la sita. Usiombe yapa kabla hujalipa, mimi niliomba kabla nikachekwa soko zima.

Hawa mama wenye sketi za marinda mengi, kofia ya duara kichwani na nywele misuko miwili ni cholitas. Mgongoni wana kitambaa cha mistari, aguayo, wamefungia mtoto au mzigo, kifuani fundo moja, na ukimtazama anavyoinama, anamrusha mtoto mgongoni na kuvuta pembe mbili bila kutazama, unamwona mama yako na kanga yake. Zamani walizuiwa kuingia baadhi ya migahawa na ofisi kwa mavazi hayo, leo wapo bungeni. Jumapili El Alto kuna mieleka ya cholitas, wanarushana na marinda hayo hayo. Nenda, ni kelele na bisi na vicheko, usitafute maana.

Kula: salteña ni ya asubuhi, saa sita mchana zimeisha. Ni kama sambusa nono ya kuoka yenye mchuzi ndani. Ishike wima, ng'ata pembe ya juu, nyonya mchuzi kwanza ndipo ule. Ukiing'ata katikati shati limekwisha. Asubuhi ya baridi tafuta api, uji wa mahindi ya zambarau wenye mdalasini na karafuu, unakuja na andazi kubwa la jibini lililojaa hewa. Usiku kuna anticucho, mishkaki ya moyo wa ng'ombe na rojo ya karanga. Chuño ni viazi vilivyogandishwa na baridi ya usiku na kukanyagwa mpaka vikakauka, vinakaa miaka, na ladha yake, basi tu, jaribu kimoja. Chai ukiiona haichomi usimlaumu mpishi, maji huku yanachemka kwenye nyuzi 88 hivi.

Hatua ya 6: siku ya nne, toka nje kidogo

Tiwanaku iko kama kilomita 70, mabasi madogo yanaondoka jirani na yale makaburi. Ni mabaki ya mji wa watu waliotawala hapo karne nyingi kabla ya Wainka, UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake mwaka 2000. Lango la Jua limechongwa kwenye jiwe moja. Uwanda ni mtupu, upepo unakata, kofia funga kamba. Alfajiri ya Juni 21 ni mwaka mpya wa Waaymara na watu wanajaa kuinua viganja kwenye jua la kwanza.

Kama hutaki mbali, Valle de la Luna ni kilomita 10 tu upande wa chini, udongo uliochongwa na mvua mpaka umekuwa kama vichuguu virefu. Saa moja inatosha. Ziwa Titicaca usijaribu kwenda na kurudi siku moja, utaishia kuangalia dirisha la basi.

Wapenda mpira wapite uwanja wa Hernando Siles, hapo Aprili 2009 Argentina ya Maradona, Messi yumo ndani, walipigwa 6-1. Tangu 2024 wameona hata hapo wageni wanahema vizuri mno, wakaanza kuchezea mechi za kufuzu El Alto.

Hatua ya 7: siku ya mwisho, shuka kwa watu weusi

Hii vitabu vingi vinaipa mstari mmoja. Waafrika walioletwa utumwani kwa ajili ya migodi ya Potosí wengine waliishia bonde la joto la Yungas kwenye mashamba ya koka, na wajukuu zao wapo mpaka leo, katiba ya 2009 inawatambua kama jamii yenye haki zake. Wana hata mfalme, Julio Pinedo wa kijiji cha Mururata, mkulima mwenye kaduka, aliyetambuliwa na serikali ya mkoa 2007.

Nenda kituo cha Minasa, Villa Fátima, panda basi dogo la Coroico, masaa kama matatu. Konda anaita Coroicooo Coroicooo mpaka kiti cha mwisho kijae, utajisikia Ubungo. Kabla hujaenda ulizia kama barabara haijafungwa na waandamanaji, Bolivia hilo ni la kawaida kama mvua. Gari inapanda kwanza mpaka La Cumbre, mita 4,650, halafu inaporomoka mpaka migomba. Barabara ya zamani, inayoitwa barabara ya kifo, siku hizi ni ya wapanda baiskeli, kama unataka chagua kampuni inayokuonyesha breki kabla ya bei.

Kutoka Coroico teksi inakufikisha Tocaña. Ukifika salimia watu kwanza, usitoe kamera. Mimi nilikaa na mzee mmoja barazani kwake, majani ya koka yameanikwa uani kwenye sakafu ya mawe kama sisi tunavyoanika mihogo, hatukuwa na lugha zaidi ya Kihispania changu cha kuokoteza. Jioni vijana wakatoa ngoma za saya, muziki wao wa asili, kubwa na ndogo, na kile kijiti chenye meno kinachokwaruzwa, na nahodha wao ana njuga miguuni. Hapo Coroico ni mita 1,700 hivi, na nilicheza saa nzima bila kuhema, mara ya kwanza kwa siku saba.

Gari la kurudi La Paz panda mapema, kabla ya saa tisa mchana, na kaa upande usio wa bonde kama moyo wako mdogo. Losheni funga kwenye mfuko wa nailoni.